Uchafu Unaozima Boila: Vali ya Gesi Inapolaumiwa Bure

Mara nyingi hutokea hivi. Wachimbaji wanafukua mtaa katika mji fulani wa Uingereza, wanalaza bomba jipya la plastiki la rangi ya manjano, wanafukia, wanamrudishia kila mwenye nyumba gesi yake na kwenda zao. Au fundi wa mita anakuja, anafungua mita ya zamani, anafunga mpya, anawasha jiko kuhakikisha, anaaga. Siku mbili tatu baadaye boila iliyopasha nyumba joto kwa miaka ishirini na ushei inagoma. Feni inazunguka, cheche zinasikika zikipiga, halafu kimya, na taa nyekundu inawaka. Anaitwa fundi. Anabonyeza hapa na pale, kisha anatoa hukumu: vali ya gesi imekufa, na boila yenyewe imezeeka, afadhali ununue nyingine.

Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi vali hiyo ni nzima, ila imeziba. Kilichoiziba kimesafiri ndani ya bomba kutoka mbali, kikakwama kwenye upenyo mwembamba wa kwanza kilioukuta. Fundi anayebadilisha vali bila kuuliza uchafu umetoka wapi ataitwa tena kabla baridi haijakwisha, na mwenye nyumba atalipa mara mbili kwa kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Suala hili linawagusa Waswahili wengi wanaoishi Leicester, Reading au mashariki mwa London, wanaopanga nyumba za zamani zenye boila za zamani. Sisi tuliokulia kwenye joto hatukuwahi kuambiwa na mtu jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Tunakikumbuka siku kikizima na mtoto analala na koti. Nataka tukielewe, kwa sababu mpangaji anayejua kinachotokea ndani ya ukuta wake humsaidia fundi kufika kwenye chanzo, na hadanganywi kirahisi.

Kutu iliyolala miaka mia

London ilianza kusambaziwa gesi na kampuni ya Gas Light and Coke, iliyopewa hati yake mwaka 1812. Gesi ya wakati huo haikuchimbwa ardhini. Ilipatikana kwa kuoka makaa ya mawe ndani ya matanuri yaliyofungwa hewa, na ilitoka na unyevu wake, na mvuke wa lami, na mchanganyiko wa haidrojeni, methani na kaboni monoksidi. Ilipita katika mabomba ya chuma cha kusubu. Kwenye maungio mafundi walishindilia nyuzi zilizosokotwa, kisha wakamimina risasi iliyoyeyushwa. Unyevu wa gesi ulizifanya nyuzi zile zivimbe na kubana. Lami nayo iligandamana na kutu kwenye kuta za ndani za bomba, ikaishikilia hapohapo. Kwa miaka zaidi ya mia moja uchafu ulilala.

Mwaka 1965 mtambo wa Sea Gem, uliokuwa ukichimba kwa niaba ya BP, ulikuta gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini. Desemba 27 ya mwaka huohuo mtambo huo uliporomoka baharini na watu 13 wakafa. Gesi ya bahari ilifika nchi kavu mwaka 1967, na hapo ikaanza kazi ya kuigeuza nchi nzima, kazi iliyomalizika mwaka 1977. Mafundi waliingia nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, wakibadilisha nozeli za majiko, hita na boila, kwa kuwa gesi asilia hutoa joto takriban mara mbili ya gesi ya makaa kwa ujazo uleule.

Majiko yalibadilishwa, mabomba yakabaki. Na gesi mpya ilikuwa kavu. Nyuzi za kwenye maungio zikanyauka, mabomba yakaanza kuvuja, hata ikabidi mvuke wa glikoli upulizwe ndani ya gesi ili kuzirudishia nyuzi uvimbe wake. Lami nayo ilikauka, ikapasuka na kuachia kutu iliyokuwa imeishika. Vumbi la chuma likaanza kutembea na gesi kuelekea majumbani. Linatembea mpaka leo.

Mwaka 2002 ulianza mpango wa miaka 30 wa kuyaondoa mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo na kuweka ya plastiki badala yake. Kazi hiyo ni ya lazima. Wakazi wa Larkhall huko Uskoti wanajua sababu yake: Desemba 22, 1999, bomba la chuma lililoliwa na kutu lilivuja, nyumba ikalipuka, na familia ya watu wanne ikafa. Mwaka 2005 kampuni ya Transco, iliyomiliki bomba hilo, ilitozwa faini ya pauni milioni 15 kwa tukio hilo. Kwa hiyo mtu asilalamike akiona mtaa wake unachimbwa. Ajue tu kwamba bomba la chuma linapokatwa, kugongwa au kusukumiwa bomba la plastiki ndani yake, kutu iliyokuwa imetulia hutikisika. Mafundi wa barabarani huchukua hadhari. Hata hivyo, kipande kirefu kinachoingia ndani ya nyumba, kupita chini ya sakafu ya mbao na kupanda ukutani mpaka kwenye boila, mara nyingi ni cha zamani na hakibadilishwi siku hiyo.

Chuma si mkosaji pekee. Nyumba nyingi zina mabomba ya shaba, nayo hayashiki kutu ile nyekundu. Lakini gesi asilia hubeba haidrojeni sulfaidi kidogo sana. Sheria za Uingereza zinaruhusu isizidi miligramu 5 katika kila mita ya ujazo. Miaka inavyokwenda, chembe hizo huungana na shaba na kutandaza utando mweusi ndani ya bomba. Utando ukinenepa hubanduka kwa magamba madogo mepesi, na gesi huyapeperusha mpaka kwenye kichujio cha kwanza. Fundi akifungua kichujio na kukuta unga mweusi unaopaka vidole kama masizi, ajue anatazama shaba, asiitafute kutu ya chuma.

Halafu kuna uchafu ulioachwa na mafundi wenyewe. Bomba la chuma likikatwa hesi huacha chenga ndani. La shaba likikatwa bila kulainishwa midomo huacha ncha zinazokatika baadaye. Tone la lehemu, mabaki ya fluksi, kipande cha tepu nyeupe kilichozungushwa mpaka kikavuka mwisho wa hesi, donge la gundi ya maungio: vyote hivi hukaa kimya kwenye kona ya bomba kwa miaka, mpaka siku mkondo unapobadilika. Hili linaniudhi kuliko kutu. Kutu ni kazi ya wakati, lakini chenga za chuma zilizoachwa ndani ya bomba la gesi ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka.

Ndani ya vali

Vali ya gesi ya boila ni kifaa kidogo cha aloi ya alumini, kwa kawaida kinakaa kwenye kiganja. Mlangoni kina kichujio cha waya mwembamba. Baada ya kichujio kuna milango miwili iliyofuatana, kila mmoja ukivutwa na koili yake ya sumaku. Imewekwa miwili ili mmoja ukikwama wazi, wa pili ufunge. Mbele yake kuna kidhibiti cha mgandamizo, yaani kiwambo laini kinachosukumwa na springi upande mmoja na gesi upande wa pili. Katika vali nyingi kiwambo hicho huongozwa na gesi kidogo inayopita kwenye vijitundu vyembamba mno. Hapo ndipo vumbi linapofanya uharibifu wake mkubwa. Kichujio kikijaa, gesi hupungua. Kijitundu kikiziba, kiwambo hakinyanyuki hata kama umeme umefika na gesi ipo mlangoni.

Kuna madhara ya tatu yasiyotajwa sana, nayo ndiyo ya hatari. Punje ya kutu ikikaa kwenye kiti cha mlango, mlango haufungi sawasawa. Boila inaonekana imezima, lakini gesi inapenya polepole kuingia kwenye chumba cha kuchomea. Boila ikijaribu kuwaka tena, gesi iliyojikusanya inashika moto kwa kishindo. Anayesikia boila yake ikipiga "buu!" kila inapowaka asingoje wiki ijayo. Azime, afunge gesi, aite fundi.

Boila za zamani ziko za aina nyingi na kila moja ina mahali pake pa kuziba. Baxi Bermuda, boila inayojificha nyuma ya hita ya sebuleni kwenye dohani, huvuta hewa ya chumbani na pamoja nayo nywele za paka, nyuzi za zulia na vumbi la sofa. Potterton Netaheat ya ukutani ina feni inayosukuma hewa ndani ya kasha lake, hivyo mpira wa kuzunguka kasha ukichakaa, moshi wa gesi unaweza kusukumwa chumbani. Hii ndiyo sababu mtu asiye fundi hapaswi kufungua kifuniko cha boila hata kwa kuchungulia tu. Katika baadhi ya boila kifuniko ni sehemu ya usalama wenyewe, na kukirudisha vibaya kunaweza kuua.

Kipimo kinachosema kweli

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ya kujua kama gesi imezuiwa na imezuiwa wapi. Fundi mzuri haanzi na boila. Anaanza kwenye mita. Je, gesi ipo? Nyumba nyingi za kupanga zina mita ya kulipia kabla, na salio likiisha boila huzima hivyohivyo na kuonyesha taa nyekundu ileile. Je, kifungio kikuu kimefunguliwa hadi mwisho? Baada ya kubadilisha mita si ajabu kukuta mkono wake umeachwa nusu. Je, jiko la gesi linawaka, na moto wake unanywea boila inapojaribu kuwaka? Ukinywea, kizuizi kiko kabla ya boila na jiko, kwenye bomba wanalochangia au kwenye mita yenyewe.

Kisha anatoa manometa. Ya kisasa ni ya kidijitali, lakini wazee wa kazi bado wanaupenda mrija wa plastiki wenye umbo la U uliojazwa maji, kwa sababu hauna betri na haudanganyi. Gesi ya nyumbani Uingereza hutolewa kwenye mita kwa milibari 21, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2. Kwenye mrija wa maji hiyo ni tofauti ya zaidi kidogo ya sentimita 21 kati ya pande mbili.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapima boila ikiwa imezima, wanaona milibari 20 na ushei, wanasema gesi ni nzuri, basi vali ndiyo mbovu. Kipimo hicho peke yake hakiwezi kuwaambia lolote kuhusu kuziba. Chukua mpira wa kumwagilia bustani uliobanwa katikati, mwisho wake ukiwa umefungwa: maji yatajipenyeza mpaka mgandamizo ulingane pande zote mbili, na ukipima mwishoni utaona kila kitu sawa. Fungua mwisho, na maji yatachuruzika tu. Gesi hufanya hivyohivyo. Bomba lililozibwa robo tatu hutoa kipimo kizuri wakati hakuna kinachotumika. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa boila ikiwaka kwa nguvu zake zote.

Kwa hiyo fundi anaifanya boila iwake kwa kiwango cha juu kabisa na kupima mara mbili: kwenye mita, na kwenye kijiti cha kupimia kilicho mlangoni mwa vali. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili haipaswi kuzidi milibari 1. Mita ikionyesha 20.5 na mlango wa vali 19.8, bomba ni safi na limetosha ukubwa. Mita ikionyesha 20.5 na mlango wa vali 13, gesi inapotelea njiani, na hakuna vali mpya duniani itakayoirudisha. Hapo swali ni kama bomba lilikuwa jembamba tangu mwanzo au limejaa kitu. Boila iliyofanya kazi vizuri miaka mingi kwenye bomba lilelile, bila kifaa kingine kuongezwa, inashuhudia kwamba kuna kitu kimeingia. Mita yenyewe ikishuka hadi 12, tatizo liko kwenye mita, kwenye kidhibiti chake au barabarani, na fundi wa boila hana ruhusa ya kuligusa. Anapigiwa msambazaji.

Mlangoni kukiwa sawa, hamia upande wa kutokea. Vali ina kijiti cha pili kinachopima gesi inayokwenda kwenye kichomeo. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibati cha boila. Mlangoni 20 na kwenye kichomeo karibu sifuri: kabla ya kuilaumu vali, pima umeme. Koili nyingi za boila za zamani hutumia volti 230 au 24. Umeme usipofika, kosa liko kwenye ubao, swichi ya hewa, themostati au waya, na vali haihusiki. Umeme ukifika, koili ikawa nzima na gesi isipite, sasa vali ina kesi ya kujibu.

Kuna hali ya nne ambayo huwachanganya hata waliobobea. Mgandamizo wa kichomeo ni sahihi kabisa, lakini moto ni mdogo na maji hayapati joto. Kilichoziba ni nozeli za kichomeo, zilizo baada ya sehemu inayopimwa. Gesi inasongamana nyuma yake, kipimo kinapendeza, na mkondo umekufa. Dawa yake ni kuuliza mita. Zima vifaa vingine vyote, washa boila kwa nguvu zote, hesabu gesi inayopita ndani ya dakika chache. Boila ya zamani ya kilowati 24 hutumia kati ya mita 2.5 na 3 za ujazo kwa saa. Mita ikionyesha nusu ya hapo huku mgandamizo ukiwa mzuri, fungua kichomeo.

Moto mdogo wa kuwashia

Boila nyingi zilizofungwa kabla ya miaka ya 2000 zina kimoto kidogo kisichozimika, ambacho mafundi hukiita pailoti. Pembeni yake kuna themokapo, kijiti cha metali mbili kinachozalisha umeme wa milivolti 20 hadi 30 kikipata joto. Umeme huo mdogo unatosha kushikilia sumaku inayoacha gesi ipite. Moto ukizimika, themokapo inapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Ni ubunifu ninaoustahi sana, kwa sababu unajilinda bila kuhitaji umeme wa nje.

Pailoti isipokubali kubaki, wengi hubadilisha themokapo mara moja kwa kuwa ni rahisi na haina gharama kubwa. Tazama moto kwanza. Unapaswa kuwa wa buluu, wenye msimamo, na uikumbatie ncha ya themokapo. Ukiwa mfupi na unatetemeka, gesi haitoshi: nozeli yake, yenye tundu dogo kuliko nusu milimita, imepata punje. Ukiwa wa njano na mlegevu, hewa haitoshi: tundu la kuvutia hewa limejaa nyuzi za vumbi au utando wa buibui. Themokapo mpya mbele ya moto dhaifu itadumu siku chache tu, kisha mateso yaanze upya.

Wenye majiko ya mtungi Dar es Salaam na Mombasa wanaujua mchezo wa kuchokonoa nozeli iliyoziba kwa sindano. Ni kosa kule na ni kosa huku. Sindano hupanua tundu na kulipindisha, gesi hutoka zaidi ya ilivyokusudiwa, na moto unageuka wa njano wenye masizi. Nozeli hufunguliwa, huoshwa, hupulizwa kwa hewa kinyume na njia ya gesi, na ikikataa hutupwa. Nozeli mpya yenye namba ileile haigharimu kiasi cha kumfanya mtu ahatarishe familia.

Linapozibwa bomba jingine

Si kila "bomba limeziba" ni la gesi. Boila ina mabomba ya maji pia, nayo hujaa kitu kingine kabisa. Radieta za chuma zikilika kwa ndani hutoa magnetaiti, tope jeusi zito linalovutwa na sumaku. Hujikusanya chini ya radieta, ndiyo maana unaishika juu ina moto na chini imepoa. Likiingia kwenye boila hupunguza mzunguko wa maji, boila inapata joto kupita kiasi, themostati ya usalama inakata gesi, na mwenye nyumba anasema gesi haiji. Kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako maji yana chokaa nyingi, tabaka jeupe hujijenga ndani ya kipasha maji na boila huanza kuvuma kama birika. Alama ya kutofautisha ni hii: boila yenye shida ya gesi kwa kawaida hushindwa mwanzoni, wakati wa kuwaka au mara tu inapotakiwa kuongeza nguvu. Yenye shida ya maji huwaka vizuri, hukimbia dakika chache, kisha hujikata ikiwa ya moto. Tope husafishwa, kichujio chenye sumaku hufungwa kwenye bomba la kurudi, na dawa ya kuzuia kutu hutiwa ndani ya maji. Sitaliendeleza hapa.

Kusafisha kwenyewe

Tukirudi kwenye gesi: uchafu umepatikana, unaondolewaje? Bomba hutenganishwa pande zote mbili, kutoka kwenye mita na kutoka kwenye kila kifaa, kisha hupulizwa kwa hewa kavu au naitrojeni mpaka kitambaa cheupe kilichowekwa mdomoni kisichafuke tena. Kupuliza bomba likiwa bado limeungwa na mita au vali ni kupeleka uchafu hasa pale usipotakiwa, na mgandamizo wa hewa unaweza kupasua kiwambo. Bomba la chuma lililojaa sana halistahili kuokolewa. Ni bora lipitishwe jipya.

Vali haifunguliwi. Kichujio cha mlangoni, pale mtengenezaji anaporuhusu, husafishwa au hubadilishwa, lakini vijitundu na kiwambo vimefungwa kiwandani kwa sababu nzuri, na fundi anayekwambia atakukarabatia kwa kuipangua mezani usimkubalie. Ikiwa uchafu umeshafika ndani, vali mpya ni haki yake. Lakini ije baada ya bomba kusafishwa.

Marekani wana desturi ningependa kuiona kwenye kila nyumba yenye mabomba ya chuma. Kanuni zao za gesi zinataka, kwa vifaa vingi, kabla tu ya kifaa, kuwe na kipande kifupi cha bomba kinachoshuka chini na kuzibwa mwisho wake. Gesi inageuka na kuingia kwenye vali, punje nzito zinashindwa kugeuka, zinaanguka kwenye kile kishimo. Ni bomba la sentimita chache na kifuniko. Uingereza haikuizoea desturi hiyo, hivyo ulinzi wa boila unabaki kwenye kile kichujio cha waya pekee.

Kazi ikiisha, maungio yote hupakwa maji ya kupimia uvujaji na mfumo mzima hujaribiwa: gesi hufungiwa ndani, kipimo huachwa kitulie, kisha huangaliwa dakika mbili kama kinashuka. Mgandamizo wa kichomeo hurekebishwa kulingana na kibati. Moshi hupimwa. Fundi anayefunga vali na kuondoka bila kutoa manometa hajamaliza.

Na fundi huyo ni nani? Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 inayosimamia ufungaji na matumizi ya gesi, anayefanya kazi hiyo lazima awe amesajiliwa. Tangu Aprili 1, 2009 daftari la usajili ni Gas Safe Register. Kila fundi ana kadi yenye picha, na nyuma ya kadi zimeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Igeuze uisome. Jamaa wa kanisani au msikitini anayejua "kuchezea boila" ni mwema, lakini mwenye nyumba akimtumia anavunja sheria, na atakayevuta moshi ni wewe. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kikiuma nyumba nzima na kupona mkitoka nje, moto ukiwa wa njano, au masizi yakionekana juu ya kifuniko, zima boila, fungua madirisha, toka, piga 0800 111 999. Namba hiyo ni ya dharura ya gesi kwa England, Wales na Uskoti, haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana. Katika England, tangu Oktoba 1, 2022, mwenye nyumba anawajibika kuweka kengele ya kaboni monoksidi kwenye chumba chenye boila ya gesi.

Mchango wa mpangaji, basi, si wa bisibisi. Ni wa kumbukumbu. Mwambie fundi kama mtaa ulichimbwa hivi karibuni, mita ilibadilishwa, jiko jipya lilifungwa, au kuta zilitobolewa jikoni. Mwambie boila ilizima ikiwa ya baridi au ya moto, na kama moto wa jiko ulinywea. Maelezo hayo yanamwokolea saa nzima. Halafu mwombe kitu kimoja: akuonyeshe mgandamizo wa mlangoni boila ikiwa inawaka kwa nguvu zote.

Mwenye nyumba analazimika kufanya boila ikaguliwe kila baada ya miezi 12, na kumpa mpangaji nakala ya cheti ndani ya siku 28. Kwenye cheti kuna nafasi ya kuandika mgandamizo wa gesi boila ikifanya kazi au joto linalotumiwa. Watu wengi hukitia kwenye droo bila kukisoma. Kiweke pamoja na cha mwaka uliopita, ulinganishe. Kama mwaka jana mlangoni mwa vali palikuwa na 19.6 na mwaka huu ni 17, ilhali mita haijabadilika, bomba linaanza kujaa, na bado kuna muda wa kulifungua wakati wa kiangazi, boila ikiwa haihitajiki na mafundi wana nafasi.